Tangazo la Kikao Likufikie Mapema

Msikilizaji wa Amu, Pate, Faza, Kizingitini hadi Kiunga, sikiza.

Mwaka 2019, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi. Sababu mojawapo: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kushirikishwa ni kuelezwa mapema, kwa lugha unayoielewa, kisha kusikizwa.

Sasa, karatasi ya tangazo la kikao cha maoni iliyobandikwa mlangoni mwa afisi mjini Amu itamfikiaje mvuvi wa Kiunga? Redio ya jamii humfikia, hata akiwa mashuani. Lakini waandishi wake ni wachache, na mafuta ya boti, wajua mwenyewe, ni ghali; hivyo hawawezi kufika kila mahali.

Basi ukiona tangazo la kikao cha maoni, ijulishe redio yako siku hiyo hiyo. Sema kikao cha nini, wapi, lini, na nani amekiitisha. Lipige picha. Huna simu ya kamera? Piga simu redioni, ulisome. Kama umelipata WhatsApp tu, sema hivyo. Mwandishi atalihakikisha kabla ya kulitangaza.

Narudia: cha nini, wapi, lini, nani amekiitisha. Na ujulishe kabla ya kikao, si baada yake.