Kukojoa Damu Si Dalili ya Ukubwa



Leo tutazungumza juu ya mkojo. Msicheke. Mtu akitapika, nyumba nzima inajua. Lakini mtu akikojoa damu, anajua peke yake. Akinyamaza, hapati msaada.

Tulipofundisha somo hili katika kijiji kimoja chenye majaruba ya mpunga, mzee mmoja alisimama. Akasema, "Sisi sote tulikojoa damu tulipokuwa wavulana. Wazee walituambia ni dalili ya ukubwa. Na mbona tulipona wenyewe?" Watu wengi wakaitikia kwa kichwa.

Swali la mzee ni zuri. Leo tutalijibu.

Kwanza tujue mkojo unatoka wapi. Kila mtu ana figo mbili. Zimekaa upande wa mgongoni, karibu na mbavu za chini. Kazi yake ni kuchuja damu, kama mama anavyochuja tui. Uchafu na maji ya ziada hushuka kwa mirija miwili mpaka kwenye kibofu. Kibofu kikijaa, tunakwenda kukojoa.

Sasa, damu inatoka wapi? Mara nyingi, katika sehemu zenye malambo, majaruba na vijito, inaletwa na kichocho. Kichocho ni ugonjwa wa minyoo. Minyoo hiyo ni myembamba kama uzi. Urefu wake ni sentimita 1 hadi 2. Inakaa ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, na inaweza kuishi humo miaka mingi. Jike hutaga mayai kila siku. Yai lina mwiba nchani. Mayai yakipenya ukuta wa kibofu, damu hutoka.

Mtu huyo akikojoa majini, mayai yanaanguliwa. Vijidudu vinavyotoka huingia ndani ya konokono wa majini na kuzaana humo. Baada ya wiki kadhaa hutoka vijidudu vingine vingi, visivyoonekana kwa macho. Mtu akioga, akifua au akipanda mpunga, vinapenya ngozi yake kwa dakika chache tu. Hata ngozi isiyo na kidonda hupenywa.

Haya, tumjibu mzee. Damu yaweza kukoma kuonekana, lakini ugonjwa ukabaki. Si mayai yote yanayotoka na mkojo. Mengine hunasa ndani ya kibofu na mirija, yakaacha makovu. Mrija ukiziba, mkojo hurudi nyuma. Figo huvimba, na mwisho hufa. Wengine hupata saratani ya kibofu. Akina mama huweza kupata vidonda na maumivu sehemu za siri, hata kukosa kuzaa. Halafu watu wanasema ana ugonjwa wa zinaa! Wanamwonea bure.

Ugonjwa huu ni wa zamani sana. Mwaka 1910 daktari aitwaye Ruffer alitoa habari za mayai ya kichocho aliyoyakuta ndani ya figo za maiti za Misri, za watu waliokufa miaka 3,000 iliyopita. Basi tusiseme ugonjwa umepona kwa sababu tumeuzoea. Kuzoea si kupona.

Tufanye nini? Twende tukapime. Mkojo mzuri wa kupima kichocho ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa sababu wakati huo mayai hutoka kwa wingi. Mpimaji anautazama kwa hadubini na kuyatafuta mayai. Iko pia karatasi inayobadilika rangi ikikuta damu, hata damu ambayo macho hayaioni.

Tusijitibu kwa kubahatisha. Damu katika mkojo huweza kuletwa pia na mawe ya figo, au na vijidudu vingine katika njia ya mkojo. Mtu akisikia moto anapokojoa, akawa na homa na maumivu ya mgongo upande wa figo, aende zahanati siku hiyo hiyo. Dawa yake ni nyingine, na lazima aimalize.

Dawa ya kichocho ni vidonge vya prazikwanteli. Kipimo hutegemea uzito. Kwa vidonge vya miligramu 600, mtu wa kilo 60 humeza 4 na mtoto wa kilo 15 humeza 1. Ni vizuri kula kwanza. Kichefuchefu au kizunguzungu huweza kutokea, kisha hupita. Mama mjamzito amwambie mganga kabla ya kumeza. Dawa haiui vizuri minyoo michanga, kwa hiyo tukiambiwa turudi, turudi. Lakini figo iliyokwisha kufa haifufuliwi na kidonge. Ndiyo maana tunasema: wahini.

Tena, ukimeza dawa leo na kesho watu wakaendelea kukojoa lamboni, utaupata tena. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilituhimiza kuchimba vyoo. Kazi hiyo haijaisha. Kila nyumba iwe na choo, na shambani pia kiwepo. Maji ya kuoga yachotwe bila konokono, yafunikwe na kukaa siku 2, vijidudu vitakufa. Au yachemshwe.

Yule mzee alikuja zahanati na wajukuu wake watatu. Wote wakapimwa, naye pia. Hakuna aliyemcheka.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Watoto wetu wanaoga wapi?
2. Nani kati yetu amewahi kumwuliza mtoto wake kuhusu rangi ya mkojo wake?
3. Kando ya majaruba yetu pana choo? Kama hapana, tutakichimba lini?