Kabla Hujanunua Kanzidata ya Kumbukumbu: Biashara Ikikua, Mfumo Utakuaje?

(Mada iliyowasilishwa katika semina ya wafanyabiashara wa jumla, wamiliki wa mabasi na viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, Dar es Salaam)



Nimetakiwa kuzungumzia bidhaa ambayo wengi wenu mmekwisha kuletewa mezani na wauzaji wa mifumo, yaani kanzidata inayotunza taarifa zake zote katika kumbukumbu ya kompyuta badala ya kuzisoma kutoka kwenye diski. Muuzaji hufungua kompyuta yake ya mkononi, hutafuta jina la mteja mmoja miongoni mwa majina laki kadhaa, na jibu hutokea kabla hajanyanyua kidole. Mnunuzi huvutiwa, na ana haki ya kuvutiwa. Lakini maonyesho yale hufanywa kwa taarifa chache, mashine moja na mtumiaji mmoja, ilhali mnunuzi analipia miaka mitano au kumi ijayo. Swali lenye fedha ndani yake ni hili: biashara ikikua mara tano, mfumo huu utakuaje, na nani atalipia ukuaji huo?

Kwanza niondoe mkanganyiko ambao lugha yetu yenyewe imetuletea. Kwa Kiswahili, muhtasari wa kikao ni kumbukumbu, daftari la mikopo ni kumbukumbu, na kile kifaa ndani ya kompyuta ambacho mafundi hukiita RAM nacho tumekiita kumbukumbu. Mtu akiambiwa kwamba taarifa zake “zitatunzwa kwenye kumbukumbu” hutulia, akidhani ziko mahali pa kudumu. Kumbe RAM husahau kila kitu umeme unapokatika. Nimewahi kusoma mkataba uliotumia neno hilo kwa maana zote mbili katika ukurasa mmoja, na aliyeusaini hakugutuka. Katika mada hii, kumbukumbu ni RAM. Maandishi ya biashara yako nitayaita taarifa.

Kasi yenyewe si uongo. Bidhaa iliyo kwenye kaunta humfikia mteja papo hapo. Iliyo stoo, mtaa wa pili, lazima kijana atumwe. Kompyuta huifikia kumbukumbu kwa takriban nanosekunde 100. Kuifikia diski ya kisasa isiyozunguka huchukua takriban mikrosekunde 100, yaani mara elfu moja zaidi. Na diski ya zamani inayozunguka huweza kuchukua milisekunde 10, mara laki moja zaidi. Wazo la kuziweka taarifa zote kaunta nalo si geni. Kampuni ya TimesTen ilichipuka kutoka Hewlett-Packard mwaka 1996 na kununuliwa na Oracle mwaka 2005. Redis ilianzishwa mwaka 2009 na Mwitaliano Salvatore Sanfilippo, na SAP ya Ujerumani ikaanza kuuza HANA kwa wateja wote mwaka 2011. Kilicholeta bidhaa hizi hadi kwetu ni kushuka kwa bei ya kumbukumbu.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue chama cha akiba na mikopo chenye wanachama 40,000, kila mmoja akifanya miamala 10 kwa mwezi. Hiyo ni miamala 400,000 kwa mwezi, au 4,800,000 kwa mwaka. Tukikadiria kwamba kila muamala, pamoja na faharasa zake, unachukua baiti 500, mwaka mzima unahitaji gigabaiti 2.4, na miaka kumi gigabaiti 24. Seva ya kawaida yenye kumbukumbu ya gigabaiti 64 inabeba mzigo huo bila kutoa jasho. Zaidi ya hapo, kanzidata za kawaida kama PostgreSQL, ambayo haitozwi ada ya leseni, nazo huziweka kwenye kumbukumbu taarifa zinazosomwa mara kwa mara. Kwa maoni yangu, chama cha ukubwa huo hakina sababu ya kulipia kanzidata ya kumbukumbu. Kikiona mfumo wake unasuasua, kitafute kwanza kama faharasa zimewekwa, kwa maana kutafuta mwanachama pasipo faharasa ni sawa na kupekua daftari lisilopangwa kwa alfabeti, kurasa zote, kila mara.

Halafu kiulize seva iko wapi. Seva ikiwa Ulaya, safari ya swali na jibu kutoka hapa hadi huko na kurudi huzidi milisekunde 100. Ukilinganisha na nanosekunde 100, ni mara milioni moja. Umenunua kaunta ya haraka, kisha ukaiweka ng'ambo ya bahari. Na taarifa binafsi za wanachama zinapovuka mpaka, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuwekea masharti ya kuyatimiza kabla ya kufanya hivyo.

Wapo wanaoihitaji kweli. Mwenye mabasi anayeuza tiketi kwa simu, kwa maelfu ya watu wanaoulizia viti dakika ileile, anaihitaji, na muuzaji wa jumla mwenye matawi mengi anayetaka kuona mauzo ya nchi nzima kila saa huenda naye akaihitaji. Kwa hawa, ukuaji una njia mbili.

Njia ya kwanza ni kukua kwa kimo: mashine ni ileile moja, nawe unaiongezea kumbukumbu. Ndiyo njia rahisi, nami ningemshauri mtu aimalize kabla ya kugusa ya pili. Ila hesabu yake hupotosha. Kumbukumbu haitunzi taarifa peke yake. Inahitaji pia nafasi ya kufanyia kazi. Mwongozo wa SAP kwa HANA, kwa mfano, huacha takriban nusu ya kumbukumbu kwa kazi hiyo. Taarifa za gigabaiti 100 basi zinataka kumbukumbu ya gigabaiti 200. Ukitaka nakala pacha kwenye mashine ya pili, ili ya kwanza ikifa biashara isisimame, zimekuwa 400. Na baadhi ya leseni hutozwa kwa ukubwa wa kumbukumbu, si kwa idadi ya watumiaji. Mnunuzi aliyepiga bei ya 100 anajikuta kwenye ngazi nyingine kabisa ya malipo.

Njia ya pili ni kukua kwa upana, yaani kuzigawa taarifa kwenye mashine kadhaa. Redis, ikitumika kwa mpango huo, huzigawa taarifa zote katika mafungu 16,384 na kuyasambaza kwenye mashine zilizopo. Hapa ndipo ahadi nyingi za wauzaji hukwama. Taarifa zisizohusiana hugawanyika vizuri, lakini zinazogusana husumbua. Mwanachama aliye mashine ya kwanza akimtumia fedha aliye mashine ya tatu, lazima mashine zote mbili zikubaliane, au fedha zitoke kwa mmoja zisimfikie mwingine. Makubaliano hayo huchukua muda, na baadhi ya bidhaa haziyafanyi kabisa. Humwachia mwandishi wa programu yako ajitafutie njia.

Wenye mabasi wataelewa zaidi nikitaja Desemba. Wiki ya Krismasi, kila mtu anataka basi la kwenda Moshi au Arusha, na wengi wanalenga basi lilelile la alfajiri. Viti vya basi hilo vimo kwenye fungu moja, na fungu hilo limo kwenye mashine moja. Hata ukinunua mashine kumi, tisa zitaulizwa habari za mabasi ya Mtwara na Tabora, huku ile moja ikihemea. Hakuna mauzo ya vitini yanayoweza kugawanywa pasipo mtu kuuziwa kiti cha mwenzake. Mwaka 1967, Gene Amdahl alieleza kikomo hiki kwa hesabu ambayo bado inasimama: ikiwa sehemu moja ya kumi ya kazi haigawanyiki, hata mashine elfu haziwezi kukupa kasi ya kufikia mara kumi. Mashine 16 zitakupa mara 6.4. Gharama, hata hivyo, utalipa ya mashine 16.

Niseme na kuhusu siku kumbukumbu inapojaa, maana diski ikijaa tumezoea, lakini hii ni tofauti. Bidhaa nyingine hukataa kupokea taarifa mpya. Karani anaona ujumbe wa hitilafu na foleni inasimama. Nyingine, zikiwa zimepangwa hivyo, hufuta taarifa za zamani zisizotumika ili kupisha mpya. Redis inakubali mipango yote miwili, kulingana na fundi alivyoiweka. Kufuta hakuna ubaya pale mfumo unapotunza nakala tu ya kitu kilichoko kwingine. Kwa daftari la akiba za watu, ni kufuta akiba zao. Muulize muuzaji swali hili kwa maandishi, na jibu lake uliambatishe kwenye mkataba.

Kisha umeme. Nilipokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo, chama kimoja kilikuwa na mfumo wa namna hii, wa haraka kweli. Alasiri moja umeme ukakatika, na betri za akiba zilikuwa zimekwisha nguvu siku nyingi pasipo mtu kujua. Mfumo uliporudi, miamala ya dakika kadhaa za mwisho haikuwamo. Iliokolewa na kitabu cha stakabadhi chenye karatasi ya kaboni, ambacho mama mmoja, karani wa miaka mingi, alikuwa amekataa kukiacha licha ya kuchekwa. Tuliingiza upya stakabadhi moja moja hadi usiku, na mimi ndiye niliyesoma namba.

Halikuwa kosa la teknolojia yenyewe. Kanzidata nzuri ya kumbukumbu huandika pia diskini, ila hutofautiana katika lini. HANA huandika kila muamala diskini kabla ya kuuthibitisha. Redis inaweza kupiga picha ya taarifa zote baada ya muda fulani, na picha hizo zikiwa ndiyo kinga pekee, kilichoingia baada ya picha ya mwisho hupotea. Inaweza kuandika kila sekunde, ukapoteza takriban sekunde moja. Au kila muamala, na hapo sehemu ya kasi uliyoonyeshwa inaondoka. Kasi ya maonyesho huenda ilipimwa kwa mpango wa kwanza. Muulize. Uulize pia muda wa kuamka: mfumo wenye gigabaiti 500, diski ikisoma megabaiti 500 kwa sekunde, unahitaji sekunde 1,000, karibu dakika 17, kuzirudisha taarifa zote kwenye kumbukumbu.

Kuhusu leseni nitasema machache. Machi 2024, wenye Redis walibadili masharti yaliyokuwa yakiruhusu matumizi huria, na mwezi huohuo wengine wakaanzisha Valkey, chini ya Linux Foundation, kutokana na programu ileile. Mei 2025 Redis ikaongeza tena leseni huria, ya aina nyingine. Masharti ya bidhaa yanaweza kubadilika ukiwa katikati ya safari. Kwa hiyo mkataba useme wazi kwamba taarifa ni zako, na kwamba utapewa zote, katika muundo unaosomeka na mifumo mingine, siku utakayoamua kuhama.

Kabla ya kusaini, omba jaribio litumie taarifa zako mwenyewe, zikiwa zimezidishwa mara tano, na watumiaji wengi kwa wakati mmoja. Katikati ya jaribio, vuta waya wa umeme, ukiwa na fundi wako kando. Hesabu miamala iliyopotea, pima dakika za kuamka, kisha uombe bei ya ukubwa huo wa mara tano, si ya leo. Muuzaji akikataa jaribio, omba sababu kwa barua.

Orodha ya maswali niliyoyataja imechapishwa kwenye kurasa zinazofuata za kijitabu hiki, pamoja na nafasi ya muuzaji kujaza majibu na kutia saini. Wenye rasimu za mikataba wanaweza kuzileta kwenye dawati letu la watumiaji kabla ya kulipa malipo ya awali. Baada ya malipo tunaweza kusaidia, lakini kwa njia ndefu zaidi. Nipo tayari kwa maswali.