Mkasi wa Hollywood na Sauti ya Lena Horne

Lena Horne, mwimbaji Mweusi wa Marekani, alitia saini mkataba na studio ya filamu ya MGM mwaka 1942. Sauti alikuwa nayo, sura alikuwa nayo. Hata hivyo, katika filamu nyingi za muziki na vichekesho za studio hiyo alitokea mara moja tu: amesimama, ameimba, ametoweka. Hana mume, hana jirani, hana hata wa kumjulia hali.

Sababu ilikuwa biashara. Kusini mwa Marekani sheria za ubaguzi wa rangi zilikuwa bado zinatawala, na kumbi za sinema za huko zilikata vipande vya wasanii Weusi. Basi wimbo wake ulipangwa uweze kung'olewa bila kisa kuharibika. Ufundi mkubwa huo, na aibu kubwa vilevile.

Mwaka 1943 zilitoka filamu za Cabin in the Sky na Stormy Weather, ambazo waigizaji wake wakuu wote, Horne akiwemo, walikuwa Weusi. Katika hiyo ya pili, wacheza dansi ndugu Fayard na Harold Nicholas wanashuka ngazi wakirukana na kutua kwa kupiga msamba. Mwaka 1948 walicheza na Gene Kelly katika The Pirate. Baadhi ya miji ya kusini ikaikata ngoma hiyo.

Kisha ikaja filamu ya Show Boat ya 1951. Mhusika wake Julie ni mwimbaji chotara, na Horne alikwisha kuimba kama Julie katika Till the Clouds Roll By ya 1946. MGM ikampa nafasi Ava Gardner, Mzungu, ambaye hata sauti ya kuimba inayosikika kwenye filamu si yake, ni ya Annette Warren.