Kubadilisha Manifoldi ya Hewa kwenye Injini za Barabarani: Tatizo la Kipimo
Mada iliyotolewa kwenye semina ya mafundi wa magari, Kasubi, Kampala



Nimeombwa nieleze jinsi ya kuongeza nguvu ya injini kwa kubadilisha manifoldi ya hewa. Manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, hakuna asiyeijua hapa. Tunajua pia kwamba mabomba marefu na membamba huipa injini mvuto mizunguko ikiwa chini, na mafupi mapana huipa nguvu mizunguko ikipanda. Toyota walitafuta yote mawili katika injini ya 4A-GE ya mwaka 1983: kwa mfumo wa TVIS kila silinda ilikuwa na njia mbili za hewa, moja ikifungwa injini inapozunguka polepole. Hayo yanatosha.

Jambo ninalolipigania miaka yote ni hili: kompyuta inajuaje hewa imeingia kiasi gani?

Tuchukue 4A-GE ya valvu 20. Ile ya kifuniko cha rangi ya fedha, ya mwaka 1991, hupima hewa inapopita. Ile ya kifuniko cheusi, ya mwaka 1995, hupima mgandamizo wa hewa, kisha kompyuta hukadiria kiasi chake kwa jedwali lililowekwa kiwandani. Zote zina milango minne ya hewa, mmoja kwa kila silinda. Fundi hununua seti ya milango hiyo kwenye soko la Kisekka, akaifunga kwenye Corolla, injini ikanguruma, mteja akalipa na kuondoka. Hakuna aliyeuliza kompyuta iliyomo inasoma nini.

Nimeona mara nyingi mpira mwembamba wa sensa ya mgandamizo umechomekwa kwenye bomba la silinda moja, kwa sababu tu tundu liko karibu. Funga geji ya vakyumu hapo injini ikiwa imewashwa bila kukanyagwa mafuta: mshale hautulii hata kidogo, kwa sababu unafuata pumzi za silinda moja. Kompyuta nayo inatapatapa vivyo hivyo, mara inamwaga petroli, mara inainyima. Mpira huo unapaswa kukusanya kutoka mabomba yote manne kupitia chemba ndogo. Vivyo hivyo sevo ya breki, inayotegemea vakyumu hiyo hiyo: ikifungwa kwenye silinda moja, breki huweza kuwa ngumu ukikanyaga mara ya pili, na huu ni mji wa vilima na foleni.

Hata mpira ukikaa sawa, jedwali ni la manifoldi ya zamani. Mpya ikiingiza hewa zaidi, petroli haitoshi, plagi zinatoka nyeupe, na baadaye pistoni inaungua. Anayelaumiwa ni muuza petroli.

Kuna pia suala la mwinuko. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Injini ikiwa imezimwa, sensa nzima husoma karibu kilopaskali 88, wakati Mombasa ingesoma 101. Wako wanaoitupa sensa kwa kuona 88, wakidhani imekufa. Injini isiyo na turbo imeshapoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya hewa yake hapa, na hakuna manifoldi itakayoirudisha yote.

Silaumu chuo wala taasisi yoyote kwa kutofundisha haya. Mitaala ina taratibu zake. Ila uvumilivu una mwisho, pistoni zinaungua kila siku. Napendekeza kila gereji iwe na geji ya vakyumu na kifaa cha kusoma mchanganyiko wa hewa na petroli. Napendekeza mteja asikabidhiwe gari kabla mchanganyiko haujapimwa barabarani, injini ikiwa imebeba mzigo. Kompyuta irekebishwe kila manifoldi inapobadilishwa, na gharama hiyo itajwe tangu siku ya kwanza ya mapatano. Mpira wa sensa ukusanye kutoka silinda zote. Breki zijaribiwe. Gasketi iwe gasketi, silikoni isishike nafasi yake. Vyuo vifundishe kusoma sensa kabla ya kufundisha kuongeza nguvu. Mteja anayeendesha kwenye foleni ya Nakulabye aambiwe wazi kwamba manifoldi ya kiwandani, ikiwa safi na haivuji, ndiyo inayomfaa. Narudia: mchanganyiko upimwe.

Ninaomba semina iazimie leo kwamba gereji zilizowakilishwa hapa hazitafunga tena manifoldi ngeni bila kurekebisha kompyuta, hata mteja aking'ang'ania.