Binti wa Mama wa Vitumbua na Vitabu vya Kiingereza

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Mbagala, Wilaya ya Temeke)



Wiki iliyopita mama mmoja alinisimamisha njiani. Yeye anauza vitumbua. Akaniambia, "Mwalimu, mwanangu amefaulu Kidato cha Sita. Sasa anasema anakwenda Chuo Kikuu kusoma hadithi za Kiingereza. Hadithi! Bibi yake alimsimulia bure. Nimwache aende?"

Sikumjibu palepale. Nilimwomba asubiri mkutano wa leo, maana jambo hili si lake peke yake. Yule pale amekaa.

Chuo chetu kilianza mwaka 1961, mjini, Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Huko ndiko iliko Idara ya Fasihi, na masomo ni miaka mitatu. Mwanafunzi anasoma riwaya, tamthiliya na mashairi. Lakini hasomi ili ajue nani alimwoa nani. Anauliza: Nani anasema hapa? Nani kanyamazishwa? Neno hili limewekwa hapa kwa nini? Kazi hiyo mnaijua. Kumbukeni siku ile tuliposoma karatasi ya mauzo ya kiwanja darasani, tukakuta neno moja tu linamnyima mnunuzi njia ya kupita. Ni kusoma kulekule.

Wala vitabu hivyo si vya Waingereza peke yao. Mwaka 1968, huko Nairobi, walimu watatu, Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba, waliandika waraka kudai fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Hapa kwetu Mwalimu Nyerere alimtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili: Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Naye Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alifundisha somo hili Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza. Mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu chake kimoja kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022, kinaitwa Peponi. Si chepesi, nawaambia kweli, lakini mtakiweza.

Sasa mama, nikujibu. Kazi haimngojei mlangoni. Wengine waliosoma somo hili ni walimu, wengine wako magazetini, wengine wanatafsiri. Wapo pia waliokaa nyumbani. Mimi ningemshauri asome fasihi pamoja na ualimu, kwa sababu sekondari zetu zinafundisha kwa Kiingereza. Na aombe mapema kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Cheti chake cha kuzaliwa kihakikiwe kwanza na RITA. Huo ni mkopo, si zawadi; akianza kazi atakatwa mshahara. Usiuze kiwanja kabla majibu hayajatoka.

Tena kuna jambo hukuniambia, mama, binti ndiye aliyeniambia. Jioni anakusomea ukurasa mmoja, anakueleza kwa Kiswahili, nawe unamkatiza: "Huyo mume kasema hivyo kwa nini? Na mkewe je?" Basi hayo ndiyo maswali watakayomuuliza Mlimani.

Haya, nani ana swali?