Njia Ileile, Saa Tofauti

Msikilizaji, safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, iliyozinduliwa na Kenya Airways Oktoba 2018, ni ya karibu kilomita 11,800. Kwenda ni kama saa 15, kurudi kama 14. Umbali haujapungua, tofauti inaletwa na upepo. Huko juu, zaidi ya mita 10,000, kuna upepo mkali uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukienda Marekani ndege inapambana nao, ukirudi nyumbani unaisukuma.

Nairobi nayo ina lake. Uwanja wa Jomo Kenyatta uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo ndege iliyojaa mafuta hukimbia mwendo mrefu zaidi kabla ya kupaa, na pengine hulazimika kupunguziwa mzigo.

Sasa tazama tiketi ya majira ya baridi ya Marekani: kuondoka saa sita usiku, kufika saa moja asubuhi. Mama aliyemsindikiza mwanawe anahesabu saa saba tu. Asubuhi anapiga simu, haipatikani, anapiga tena, moyo unamwenda mbio. Kumbe saa ya kufika imeandikwa kwa saa ya New York; kwa saa ya Nairobi mwanawe atatua saa tisa alasiri! Wauzaji wa tiketi wanapaswa kulieleza hili waziwazi. Nawe msafiri, kabla ya kuagana, waandikie wazazi saa ya kutua kwa saa ya nyumbani.