Mashine ya Leza Tuliyoijenga Chumbani, na Ombi Langu kwa Wana-Usangi

(Maneno yaliyosemwa kwenye chakula cha jioni cha mwaka cha wana-Usangi waishio Dar es Salaam)

Nimepewa dakika kumi na tano, na Katibu ameshanionyesha saa yake mara mbili.

Mwaka jana kwenye ukumbi kama huu lilitolewa wazo la kununua mashine ya kukatia kwa leza kwa ajili ya karakana ya vijana kule nyumbani. Mimi nilinyoosha mkono nikasema tusinunue, tujenge. Watu wengine walicheka. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, akaniuliza: "Mwanangu, unataka tuwape watoto mashine ya kienyeji?" Sikumjibu vizuri siku ile. Leo naomba nimjibu.

Wengi mnajua kazi yangu ni mabango. Herufi za mbao, za plastiki ngumu, vibao vya ofisi, vikombe vya mashindano. Kwa miaka mingi nilikuwa nachora mwenyewe, kisha napeleka kukatiwa kwa watu wenye mashine, nasubiri zamu. Siku moja nikaamua nijenge ya kwangu, kubwa, yenye meza ya kukatia ya milimita 1300 kwa 900, maana plaiwudi na mabango ni vitu vikubwa na mashine ndogo za mezani zinakulazimisha kukata vipande na kuunganisha.

Kwa ambao hawajawahi kuiona, niseme inavyofanya kazi. Kuna tyubu ya kioo, ndefu kiasi cha mita moja na robo, ndani yake kuna gesi ya kaboni dayoksaidi iliyochanganywa na nyingine. Ukipitisha umeme mkali sana, inatoa mwale. Kitu hiki alikibuni Kumar Patel, mzaliwa wa India, akifanya kazi Bell Labs kule Marekani mwaka 1964, kwa hiyo kwa umri ni kitu cha wazee wetu, siyo cha watoto wa simu. Mwale wenyewe hauonekani kwa macho. Unatoka kwenye tyubu, unagonga kioo cha kwanza kilicho pembeni, unaenda kioo cha pili kilicho juu ya daraja linalotembea mbele na nyuma, unaenda kioo cha tatu kwenye kichwa kinachotembea kushoto na kulia, halafu unashuka kwenye lenzi ndogo inayoukusanya uwe mwembamba kuliko ncha ya kalamu. Hapo ndipo mbao inakatika. Plaiwudi ya milimita 3 kwa tyubu ya wati 80 inakatika kwa mwendo wa kama milimita 15 kwa sekunde, kingo safi, bila msumeno.

Nilianza na fremu. Nilinunua skwea paipu Gerezani, nikamwita fundi wa kuchomelea, rafiki yangu, tukafanya kazi chumbani kwangu kwa sababu uani palikuwa na maji. Fremu ilikuwa sentimita 160 kwa 120 kwa ndani, na nilichagua vipimo hivyo kwa makusudi. Fundi yeyote wa ujenzi hapa anaijua tatu-nne-tano: ukiwa na 120 na 160, basi kona kwa kona ni lazima isome 200 kamili. Tukapima kabla ya kuchomelea, 200. Tukachomelea, tukapima tena: 200 na milimita 4 upande mmoja, pungufu upande wa pili. Chuma kikipata moto kinavuta. Tuliikata tukarudia, safari hii tukichomelea kidogo hapa, kidogo kona ya mbali, tukiacha ipoe.

Ilipokuwa sawa kabisa, tukagundua haipiti mlangoni. Mke wangu yuko hapa, ni shahidi. Alisimama akaiangalia, akaangalia mlango, akaniuliza kama nina mpango wa kuhamia humo. Tukaikata mara ya tatu, na ndipo ikawa ya kufungwa kwa bolti, vipande vinne. Naomba mkumbuke hilo la bolti, maana nitalirudia nikifika kwenye barabara ya kupanda Usangi.

Sasa tyubu. Hapa kuna jambo ambalo sijawahi kulisema hadharani, na mama yangu amekaa pale karibu na nguzo. Fedha ya tyubu ya kwanza ilitoka kwake. Aliuza mtamba wake. Tyubu ikafika salama kutoka China, nikaifungua mwenyewe, nzima kabisa. Ndani ya tyubu hii maji lazima yazunguke muda wote inapowaka, la sivyo kioo kinapata joto na kupasuka. Nilijua. Nilikuwa nimeshasoma, nimeshanunua ndoo, nimeshanunua pampu. Usiku ule nilikuwa na haraka ya kuona mwale, nikawasha, na pampu nilikuwa nimeichomoa ili nichaji simu. Sikuimaliza hata dakika chache. Nikasikia mlio mdogo, kama glasi ya chai ikitiwa maji ya moto. Basi.

Mama, nilikuambia ilivunjika njiani. Haikuvunjika njiani.

Ya pili niliinunua kwa mkopo wa kikoba, na kabla ya kuiweka nilinunua swichi ndogo ya maji. Ni kidude cha bei ya soda chache: maji yasipotembea, leza haiwaki, hata ukibonyeza mpaka asubuhi. Kontrola za mashine hizi zina sehemu maalumu ya kuunganisha swichi hiyo, na nyingine ya kifuniko, ili mtu akifunua mashine ikate mwale papo hapo. Mimi niliziona zile waya mara ya kwanza nikadhani ni za ziada.

Jambo lililonila muda kuliko yote ni vioo, na ndilo ninalotaka vijana wetu walijue. Kwa mashine ya ukubwa huu, mwale unasafiri zaidi ya mita mbili kabla ya kufika kwenye lenzi ukiwa kona ya mbali. Kioo cha kwanza kikikosea milimita moja tu kwa kila mita, huko mwisho umeshapotea zaidi ya milimita mbili, na lenzi yenyewe ni ndogo kama sarafu. Na kumbuka mwale huuoni. Unachofanya ni kubandika tepu ya karatasi mbele ya kioo kinachofuata, unapiga leza kwa kitambo kidogo sana, unapata alama ya kuungua. Unasogeza daraja mpaka mbali, unapiga tena juu ya tepu ileile. Alama mbili zikiangukia mahali pamoja, kioo cha nyuma yake kiko sawa. Zisipoangukia pamoja, unakirekebisha kile cha nyuma, siyo hiki unachokitazama. Hapo ndipo kila anayejifunza anakosea, anagusa kioo kilicho mbele yake. Mimi nilikosea usiku tatu mfululizo. Usiku wa nne nikaelewa kwamba nilikuwa natafuta kosa mahali lilipoonekana wakati lilianzia nyuma, na baada ya hapo kona zote nne zilikubali ndani ya saa moja.

Halafu kuna maji na joto. Tyubu inapenda maji ya nyuzi kati ya 15 na 25. Dar es Salaam maji ya bomba ni vuguvugu mwaka mzima. Nikaweka chupa za barafu kwenye ndoo, nikashusha mpaka 18, nikajiona mjanja. Tyubu ikaanza kutoa jasho kwa nje kama chupa ya soda, kwa sababu ya unyevu wa hewa ya hapa, na jasho karibu na ncha yenye umeme wa zaidi ya volti 20,000 ni hatari. Cheche ziliruka mpaka kwenye fremu. Nashukuru tulikuwa tumeshachimbia ethi ya kweli, fimbo ya shaba ardhini, siyo ya kusingizia. Tangu hapo natumia mashine ya kupoza maji yenye kompresa na nimeiacha kwenye nyuzi 25. Ila Julai nilipokwenda nyumbani niliweka kipimajoto kwenye maji ya bomba asubuhi kwa shangazi yangu. Yalisoma 17. Mashine hii, ndugu zangu, inaipenda Usangi kuliko inavyoipenda Tabata.

Sasa nimrudie mzee wangu. Mashine ya kienyeji? Sehemu kubwa haiwezi kuwa ya kienyeji. Tyubu, pawa saplai, kontrola, mota, reli, vioo na lenzi vyote tutavinunua kama wenye viwanda wanavyovinunua. Na kwa bei sitawadanganya: tukihesabu kila kitu, pamoja na vile nilivyoharibu, tofauti na ya dukani siyo kubwa kama watu wanavyodhani. Anayewaambia kujenga ni bei ya bure hajawahi kujenga.

Lakini mle karakana, wote mmeiona, kuna mashine ya kuranda mbao imefunikwa turubai. Ililetwa nzima, ikafanya kazi msimu mmoja. Siku iliposimama, hakuna aliyekuwa amewahi kuifungua, na mpaka leo hakuna anayejua kama ni mota au ni waya tu. Tyubu ya leza ni kitu cha kuisha. Ikitumika kila siku, baada ya muda inachoka, lazima ibadilishwe, na ukiibadilisha lazima upange vioo upya. Mashine ya dukani ikifika siku hiyo, nani atapanda mlima kuja kuipanga? Kijana aliyekaa usiku tatu na tepu ya karatasi hahitaji kumpigia mtu simu.

Na kazi ipo. Walimu wetu wanachora duara ubaoni kwa kamba. Bikari, protrakta na pembetatu za ubaoni zinakatika kwenye plaiwudi ya milimita 6, na zikiwa na namba zake zimechomwa humohumo. Mwezi Julai nilipeleka seti mbili kwenye shule niliyosoma. Wiki iliyofuata mwalimu mkuu wa shule ya jirani alinipigia kuuliza bei. Hatukati chuma, niseme mapema, kwa nguvu hii hatuwezi. Mbao, kitambaa, ngozi, kadibodi, plastiki ya akriliki, hivyo ndivyo vitu vyake.

Ngozi ya kweli, lakini. Ngozi bandia na vitambaa vya meza vya plastiki vya PVC havikatwi kabisa. Vinatoa gesi ambayo ikikutana na unyevu inakuwa asidi, inaharibu mapafu na inakula mashine. Kama una shaka, pasha waya wa shaba moto, gusa nao ile plastiki, urudishe kwenye moto. Mwali ukigeuka kijani, iweke pembeni. Na mashine ikiwa inakata haiachwi hata kwa kwenda chooni. Mimi nimeshazima moto mara mbili, mara zote mbili nilikuwa nimesimama palepale, na ndiyo sababu mko na msemaji jioni hii.

Ninachoomba ni hiki. Fremu nitaitoa mimi na rafiki yangu fundi, ni mchango wetu, na itakuwa ya bolti, kwa sababu lori litakaloipandisha kutoka Mwanga lina mizigo mingine na ile barabara mnaijua kona zake. Chumba cha karakana kinahitaji sakafu iliyonyooka, bomba la moshi la kutokea ukutani, ethi, na mtungi wa kuzimia moto. Hayo ni ya msaragambo, na wenzetu wa nyumbani wamekubali kuchimba na kupiga zege kabla ya mvua. Kilichobaki ni vya kununua, na orodha iko ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki, kila kifaa na bei yake. Naomba kila meza ichague kifaa badala ya kutaja tu kiasi cha fedha. Meza moja tyubu. Meza nyingine kontrola na mota. Meza nyingine mashine ya kupoza maji. Tukishaanza kujenga nitakaa nyumbani wiki sita, bila malipo, na vijana wanane, wavulana na mabinti, na vioo watavipanga wao. Mimi nitakaa kwenye kiti.

Swichi ya maji msiiandike kwenye ahadi zenu. Hiyo nimeshainunua, ninayo hapa mfukoni. Na mama, mtamba wako umo kwenye bajeti yangu mwenyewe, haumo kwenye ya chama.

Nipo meza ya mlangoni mpaka ukumbi ufungwe, nimekuja na pembetatu moja na protrakta mzishike mwone.